Dereva wa ambulensi aliyeandika makosa ya ramani kwenye daftari

Saa moja kasoro robo asubuhi, dereva anaizunguka ambulensi yake kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Anapiga teke gurudumu la nyuma, anafungua boneti, anapima oili. Kisha anapanda ngazi fupi na kupangusa kwa kitambaa kisanduku cheupe cha antena kilichofungwa juu ya paa, kipana kama sahani.

"Wenzangu wanasema nakiosha kuliko ninavyonawa uso," anasema akishuka. "Waache waseme. Kimenirudishia usingizi."

Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na miwili kati ya hiyo ameitumia nyuma ya usukani wa magari ya wagonjwa. Kituoni wanamwita Mama Antena. Zamani walimwita Mtaa wa Pili, na hawakuwa wanamsifu.

Eneo lake ni katikati ya jiji, ambako maghorofa yamebanana hadi mbingu imebaki utepe. Huko ndiko ramani ilikokuwa ikimchezea shere. Alama ya bluu inayoonyesha gari lilipo iliruka ghafla kutoka mtaa huu hadi wa nyuma yake, naye akaifuata.

"Unaambiwa umefika, ukishuka unakuta ukuta," anakumbuka. "Mgonjwa yuko upande wa pili wa jengo, na mitaa yenyewe ni ya kwenda tu. Kurudi mpaka uzunguke."

Miaka mitatu iliyopita, saa sita mchana, aliitwa kwa fundi cherehani aliyebanwa na pumu kwenye ghorofa ya nne. Mke wa fundi ndiye aliyepiga simu. Ramani ikampeleka mtaa wa nyuma. Muuguzi aliyekuwa naye garini alishuka mbio, mtungi wa oksijeni begani, akapanda ghorofa nne za jengo ambalo silo. Walipompata fundi, dakika kumi na moja zilikuwa zimeshapotea na midomo yake imebadilika rangi.

Fundi alipona. Lakini machela ilipokuwa inateremshwa, mkewe alimgeukia dereva. "Nilikuwa nawasikia," alisema. "King'ora chenu kilikuwa kinalia hapo nyuma ya ukuta, na hamji."

"Angenitukana ningepumua," dereva anasema. "Hakunitukana."

Jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba anaacha kazi. Mume ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Alimaliza kula kwanza.

"Friji ikinisumbua, naandika imezima saa ngapi na nilikuwa nimegusa nini," alimwambia. "Wewe hiyo ramani yako umeiandika?"

Hakuwa ameiandika. Kesho yake akanunua daftari la kurasa mia mbili.

Kwa miezi kumi na minne, kila alama iliporuka, aliandika: mtaa, saa, gari limeelekea wapi, jengo gani liko kulia na lipi kushoto. Kama hakuna mgonjwa garini, muuguzi alishuka na kupima kwa hatua ramani imekosea kwa kiasi gani. Makosa yakafika mia tatu na kumi na saba. Madereva wengine walimtania kwamba anaandika wosia.

Ndipo mpima ramani wa jiji alipofika kituoni, akitafuta gari la kufanyia majaribio ya kifaa kipya. Wakubwa wakampa la Mama Antena, kwa kuwa ndilo lililokuwa kuukuu kuliko yote na hakuna ambaye angelililia.

Mpima alimweleza taratibu. Kifaa hupima umbali kwa muda ambao ishara inatumia kutoka kwenye setilaiti. Ishara ikigonga kwanza ukuta wa vioo, inachelewa kidogo sana, na kifaa kinaamini kiko pengine.

"Kwa hiyo si mimi?" dereva aliuliza.

"Si wewe, dada. Ni vioo."

Anasema alikaa kwenye ngazi ya gari na kucheka mpaka muuguzi akaja kumwangalia kama yuko sawa.

Kisanduku kipya kinapokea setilaiti nyingi zaidi. Kompyuta yake ina urefu wa kila jengo, hivyo inajua setilaiti ipi imefichwa na ukuta, na ishara ya hiyo haiamini sana. Inahesabu pia mizunguko ya magurudumu, ili isipotee ishara zote zikikatika.

Hata hivyo, wiki ya kwanza mambo yalikwenda kombo. Kwenye mtaa wa mabenki alama iliendelea kuruka mita thelathini. Mpima alikuna kichwa siku mbili, mpaka dereva alipomfungulia daftari. Makosa ya mtaa ule yalianza mwezi ambao jengo jipya la kona lilimalizwa, na jengo hilo halikuwamo kwenye kompyuta.

"Orodha yangu ya majengo ilikuwa ya miaka sita iliyopita," mpima anakiri. "Daftari lake lilikuwa la juzi. Nikaomba tulipitie lote, ukurasa kwa ukurasa."

Leo, katika mitaa ambayo ramani ilikosea kwa mita arobaini, inakosea kwa mita tatu hivi.

Mwezi uliopita simu ilitoka kwenye mtaa uliojaza kurasa tisa za daftari. Mpokea wageni wa ofisi moja, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa anavuja damu. Ambulensi ilisimama mlangoni mwake baada ya dakika sita. Hospitalini daktari aliwaambia kwamba wangechelewa dakika kumi zaidi, angeokoa mmoja, si wawili.

"Nilipomsikia mtoto analia nilitoka nje nikashika ukuta," dereva anasema. "Kwa raha, si kwa hofu."

Kati ya ambulensi tisa za kituo, tatu tu ndizo zenye kisanduku. Sita zilizobaki zimeahidiwa kabla ya mwaka kwisha, na kila Jumamosi anawafundisha madereva wa magari hayo namna ya kuandika makosa. Jumatatu yeye na mpima wanaanza barabara ya chini ya daraja, ambako hadi sasa hakuna kifaa kilichofua dafu.

"Sitaki mgonjwa anishukuru kwa kumpata," anasema, akiwasha gari. "Nataka asijue hata kwamba tulimtafuta."