Lubisi Iliyopitishwa kwenye Mkaa wa Mapanki

Leo nacheka, lakini siku ile pale Kiseke ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Miaka ile ya soko huria minofu ya sangara ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunaachiwa mapanki (vichwa na mifupa, na bado tunagombania), na mimi, kijana niliyetoka kumaliza kemia chuo kikuu, kazi yangu ilikuwa kuyachoma hayo mapanki yawe mkaa wa kuchujia maji ya ziwa, na kweli ulikuwa unachuja, maji yanaingia ya kijani yanatoka meupe, basi nikajiona mkombozi wa Ziwa Victoria zima.

Sasa nikaenda kuposa, huko Kiseke. Koku, mchumba wangu, ni Mhaya, mimi Msukuma wa Misungwi, na wazee wake walishasema wazi: lubisi, ile pombe yao ya ndizi, wakiinywa wamekubali, wasipoinywa turudi kwetu. Mjomba wangu akaagiza kibuyu Bukoba, kikaja kwa meli. Kukifungua pale sebuleni kwa wakwe, naona vipande vya nyasi vinaelea. (Kumbe ndizi hukamuliwa kwa nyasi, lakini msomi anauliza nini?) Na ndoo yangu ya kuchujia nilikuwa nimekuja nayo, eti wakwe waone akili.

"Ngojeni kidogo niisafishe."

Mjomba akanivuta shati. "Wewe, acha! Wanaipenda hivyo hivyo."

Nikamimina glasi moja ndooni. Chini hakitoki kitu. Mkaa mkavu umeinywa yote. Nikaongeza nyingine, ikapotea, nikaongeza tena, jasho linanitoka, wazee wananitazama, Koku kasimama mlangoni kajishika kichwa, na mimi kwa ubishi nikainamisha kibuyu mpaka tone la mwisho. Ndipo ndoo ikaanza kudondosha: rangi hakuna, harufu ya ndizi hakuna, harufu ya sangara aliyeungua ipo.

Baba yake Koku akanusa, akaweka glasi chini. "Mwanangu, umetoa uchafu wote?"

"Ndiyo, baba." (Tena kwa fahari, mjinga mimi.)

"Basi huo uchafu ndio tuliokuwa tunausubiri."

Tukaondoka na ndoo yetu. Tuliporudi na kibuyu kingine alikishika mjomba, mimi nimekatazwa hata kukisogelea, na namshukuru Mungu Koku nilipewa. Niliapa sitagusa tena kinywaji cha watu kwa jina la sayansi. Lakini mpaka leo nikienda ukweni, wenzangu wote wanamiminiwa lubisi, mimi baba mkwe ananiletea glasi ya maji ya bomba.

"Karibu, mwanangu. Ya kwako tumeshakuchujia."