Mama Mmoja, Baba Mmoja

Mimi hushona viatu katikati ya jiji, na mwaka jana kuna wiki nzima sikuweza kuvaa hata kimoja. Gauti, ule ugonjwa wa maungio uitwao pia jongo, ilikuwa imeshika kidole gumba cha mguu wa kushoto. Shuka ikikigusa tu natukana, na mimi ni mtu wa kanisa.

Kaka yangu mkubwa, anayechinja ng'ombe Dagoretti, ana ugonjwa huohuo, na vidonge vilikuwa vimemtuliza kabisa. Aliponiona nikichechemea alifungua chupa yake akanigawia nusu.

"Si aone daktari kwanza?" mke wangu aliuliza.

"Daktari wa nini?" kaka alimkata. "Sisi ni mama moja, baba moja. Dawa yangu itamkataaje?"

Kwetu neno hilo halijibiwi. Tulikua tukila sahani moja na kuvaliana mashati, basi nikameza kipimo chake kilekile tangu siku ya kwanza.

Wiki ya tatu kifua kilijaa vipele vyekundu, na homa ikanipanda. Sikumwambia kaka. Niliona aibu, kana kwamba nimeitupa zawadi yake. Nikiwa Parklands kumpelekea mteja viatu, niliingia duka la dawa kuomba mafuta ya kujipaka.

Mwenye duka, mama wa makamo, aliviangalia vile vipele kifuani.

"Mzee, hebu fungua mdomo." Ndani kulikuwa na vidonda. "Umeanza dawa gani mpya?"

Nilipomtajia ile ya gauti, aliyarudisha mafuta kwenye rafu. "Hii sikuuzii. Na hiyo ingine usimeze tena hata moja."

Alimwachia mwenzake kaunta, akanishika mkono hadi hospitali ya ng'ambo ya barabara. Mimi nilinung'unika njia nzima kwamba nina kazi.

Nililazwa siku kumi. Daktari alinieleza kwamba figo zangu zimechoshwa na presha na huitoa dawa ile polepole, kwa hiyo ilikuwa ikirundikana mwilini. Vidonge vya presha nilivyokuwa nikimeza, vile vya kukojoza maji, viliongeza hatari. Tena damu yangu ilipopimwa, ilikuwa na alama ya kurithi inayoufanya mwili wa mtu kama mimi kupigana na dawa hiyo. Kaka naye akapimwa. Hana.

"Kwani sisi si ndugu?" aliuliza, machozi yakimlengalenga. "Ningekuua na mkono yangu."

"Ni ndugu kabisa," daktari alimtuliza. "Kila mtoto hurithi nusu kwa mama na nusu kwa baba, lakini si lazima ziwe nusu zilezile."

Sina kinyongo na kaka hata chembe. Alinigawia kitu kilichomponya, na nampenda kwa hilo.

Juzi nilirudi Parklands kumshukuru yule mama. Hakunikumbuka.

"Pole mzee, wateja ni wengi. Nilikuuzia nini?"

"Hukuniuzia kitu, daktari," nikamwambia. "Ndiyo maana niko hapa."