Jembe Nililolipokea Mlangoni

Usiniambie nilikuwa na homa, maana hilo nimeambiwa hadi nimechoka. Sikuwa na homa, sikuwa nimeonja pombe ya rubisi, wala usingizi sikuwa nao. Jua lilikuwa halijazama, nami nimesimama barazani nimeshika ufagio. Anayetaka kucheka acheke amalize ndipo nianze.

Umemaliza? Haya.

Ilikuwa wakati wa vita vya Kagera. Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia Nyabusozi kule Biharamulo na ng'ombe wao. Nilikuwa msichana tu nilipopata kazi Ngara, upande wa Rulenge, kwenye nyumba ndogo ya kutunzia wazee. Wengi wao walibaki hawana mtu pale ndugu zao walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule moja, baraza mbele, na vyumba vya vitanda viwili viwili. Na wazee hugombea vyumba, jamani! Huyu anataka dirisha la jua, yule hataki kulala karibu na mlango, mwingine mwenzake anakoroma. Kutwa nzima kazi yangu ilikuwa kuamua ugomvi.

Bibi Butoyi peke yake ndiye aliyelala bila mwenzake, na kitanda cha pili chumbani kwake kilikuwa wazi. Mhangaza yule, mwenyeji wa Ngara, mwembamba, mdomo pilipili, nami nilimpenda sana. Hakuwahi kuolewa. Ukimwuliza sababu, anapiga kifua: "Jembe langu halikupokelewa. Mimi si wa mtu!" Enzi za usichana wake watu walioa kwa majembe ya chuma. Watu wa kwa binti wakishalipokea mikononi, basi, binti ameshaolewa.

Sasa, ukikaa Ngara na sikio la Kisukuma utapata tabu kidogo. Kwao L na R ni kitu kimoja. "Mjukuu wangu, nataka kurara." "Chakura kiko wapi?" Mwanzoni nilicheka, baadaye nikawa nasahihisha kichwani bila hata kujijua. Na miezi ile neno nililolisikia kuliko yote lilikuwa mahali. Watu walikuwa wanakimbia vita kutoka kaskazini, mizigo kichwani, wanabisha hodi: tusaidieni mahali, tunatafuta mahali.

Siku hiyo Sista msimamizi alikuwa amekwenda Biharamulo kutafuta sabuni na mafuta ya taa. Manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu mchana. Nikamwona mzee anatokea upande wa shamba la kijiji, anakuja mbio mbio kama aliyechelewa shughuli. Mkononi ana jembe la zamani lisilo na mpini, limejaa udongo mbichi.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

Hakuitikia. Akapiga magoti kwenye tope, mzee yule mwenye mvi, akaniambia mimi: "Shikamoo."

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilidhani vita vimemvuruga akili. Nikamwinua kwa mkono, na shuka lake lilikuwa kavu. Niamini, kavu kabisa, katika mvua ile. Niliona, lakini nilikuwa na haraka ya kumtoa kwenye tope.

"Ni habari ya mahari," akasema. "Mahari ya Butoyi. Mnapokea?"

Nikasahihisha kichwani kama kawaida yangu. Mahali. Nikajua ni kaka yake, amekimbia vita, kasikia chumbani kwa dada yake kuna kitanda.

"Tunapokea, babu, tena kwa mikono miwili." Nikalichukua na lile jembe, maana vyombo vya shamba havikuruhusiwa vyumbani. Mzee akacheka kwa furaha, akaingia ndani bila kuuliza chumba ni kipi. Mara nikasikia Bibi Butoyi anapiga yowe.

Nilimkuta amejibana ukutani. Mzee ameketi kwenye kitanda cha pili, anapapasa godoro. Bibi akaona jembe mkononi mwangu.

"Nani kapokea hilo?"

"Mimi, bibi. Anatafuta mahali..."

"Mahari, we Msukuma! Mahari!" Akaanza kulia. "Huyu alikuwa mpagazi wa Wajerumani. Alikufa maji mtoni Ruvubu analeta jembe kwetu, wakamzika nalo. Wamelima shamba la kijiji, wamemfukua! Alikufa kijana. Kumbe huko nako wanazeeka?"

Mzee akasimama, akamnyooshea mkono. "Twende, mke wangu. Jembe limepokelewa."

Na bibi akaanza kwenda! Miguu inakwenda, uso unakataa. Alishika ukingo wa kitanda, vidole vikawa vinaachia kimoja kimoja, huku ananiita jina langu. Nikapiga kelele: "Mwache! Hapa hana baba wala kaka wa kumpokelea. Nimepokea mimi, jembe ni langu!"

Nilitaka amwachie tu. Naapa, sikutaka zaidi ya hapo. Akamwachia kweli. Akanigeukia, akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, kisha akaiitikia ile salamu yangu ya barazani.

"Marahaba," akasema taratibu. "Marahaba, mke wangu."

Sikumwona akitoka. Bibi Butoyi aliishi miaka mingi baada ya hapo, si wa mtu, anatutukana na kucheka mpaka siku yake ilipofika. Hilo silijutii hata kidogo.

Lakini mimi je? Mchumba wangu wa kwanza alileta ng'ombe, walifika uani kwa baba wakagoma, wakageuza njia wote. Wa pili alilala kwetu mara moja, asubuhi akaondoka bila kuaga, baadaye tukasikia anauliza watu ni mzee gani yule aliyekesha anamtazama. Jembe nililitupa Ruvubu. Nikalikuta tena chini ya kitanda changu, lina udongo mbichi.

Sasa nimezeeka, na mimi ni mkazi wa nyumba ile ile. Kila chumba wanachonipa kina kitanda cha pili, na kila asubuhi godoro lake limebonyea, lina joto. Nimehama chumba hadi chumba, wahudumu wananiita msumbufu. Juzi nimewaomba wakitoe hicho kitanda, wakakitoa. Tangu hapo nikiamka najikuta nimejibana ukutani, nimempisha mtu.

Kwa hiyo nisikilize, wewe mwenye haraka. Mgeni akija kwako kutafuta mahali, usimsahihishie kichwani. Mwulize: mahali pa kulala, au mahari ya nani? Na mikono yako iweke nyuma mpaka ajibu.