Alama Nyekundu ya Mjomba Matayo

Mjomba wangu Matayo alisikiliza injini kwa spana. Ncha moja aliigusisha kwenye chuma kinachotetemeka, ya pili aliiweka sikioni, akafumba macho. Nikiwa mdogo nilidhani injini inamsengenya mtu, kwa jinsi mjomba alivyokuwa akiitikia kwa kichwa.

Baba yake alitoka Tabora akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge huku Makuyuni mpaka mgongo ukapinda. Matayo naye alianza na kisu. Sikio ndilo lililomtoa shambani na kumwingiza kwenye nyumba ya injini, ile inayozungusha korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge. Shule hakuiona. Mzungu aliyemfundisha alipaka rangi nyekundu juu kabisa ya saa ya mafuta, ile inayopima msukumo wa mafuta ndani ya injini, akasema: mshale ukisimama wima kwenye rangi, injini inakunywa vizuri, ukilala kushoto, zima. Usiulize. Miaka kumi na minane hakuuliza, na injini haikufa.

Mwaka 1952, nikiwa darasa la saba, ikaja injini mpya. Meneja akampa mjomba mwezi mmoja aizoee; akishindwa, atarudi kwenye kisu. Miaka hamsini alikuwa nayo, na goti moja halikunjiki.

Fundi Dinesh wa Korogwe mjini, aliyekuja kuifunga, aliacha kitabu cha Kiingereza.

"Kila kitu iko humu, Matayo. Soma."

"Nisome na nini?"

"Na macho, bwana!" Akacheka, akapanda gari lake.

Kitabu kikaja kwangu. Kila nikitoka shule nilimsomea mjomba na kumweleza kwa Kiswahili. Sasa, shuleni kwetu aliyekwama kwenye neno alichapwa, kwa hiyo tulijifunza kuliruka neno gumu na kuendelea kwa sauti kubwa zaidi. Niliruka mengi. Mjomba alikariri nilichobakiza, akikirudia njiani kama katekisimu.

Siku moja akauliza, "Lea, hii saa mpya mshale usimame wapi?"

Nikafunua kurasa. Maneno yalikuwa marefu kama treni. Niliona aibu.

"Kama ile ya zamani tu, mjomba."

Akatafuta rangi nyekundu, akapaka juu kabisa. Lukasi, mtia mafuta wake, akamcheka: "Fundi, unaipaka wanja? Inaolewa lini?"

Wiki ya tatu, Jumamosi, nilimpelekea uji. Mshale ulikuwa umeshuka taratibu kutoka kulia ukasimama wima. Mjomba aliweka spana sikioni, na uso wake ukabadilika.

"Analia," akasema. "Kama mtu mwenye jino."

"Si uzime basi!" Lukasi akasema.

"Mshale uko kwenye rangi." Akanigeukia. "Kitabu kinasemaje, mwanangu?"

"Uko sawa, mjomba."

Akateremsha spana polepole. "Labda ndiyo sauti yake. Sikio langu halijasoma."

Uji haujapoa, injini ikapiga ukelele, ikatoa moshi, ikakwama. Beringi zilikuwa zimeungua. Korona ikanyamaza, na kina mama wanaoanika singa, nyuzi za mkonge, wakaja kuchungulia dirishani.

Meneja hakufoka. Aligusa tu ile rangi kwa kidole. "Nani amepaka?"

"Mimi, bwana."

Hakunitaja.

Jumapili niliazima kamusi ya mwalimu. Nikaandika kila neno nililoruka kwenye ule ukurasa, nikatafuta moja moja mpaka jioni. Hakuna aliyewahi kunikataza kufanya hivyo. Nami sikuwahi kuona mtu akifanya. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: msukumo wa mafuta usishuke chini ya thelathini. Juu kabisa ya ile saa, chini ya rangi yetu, palikuwa na namba ishirini.

Jumatatu nilimfuata shambani, nikamkuta ameinamia mkonge, miiba imeshamchana mikono. Nilimwambia yote, hata ile aibu.

"Thelathini," akasema. "Kumbe ilikuwamo."

"Ilikuwamo, mjomba."

"Na siku ile ilikuwa inalia kweli?"

"Ilikuwa inalia kweli."

Nilidhani angalau hilo litampoza. Alisimama akitazama kisu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake aliyekufa angepona.

"Sikio langu nililisikia," akasema. "Nikaliambia linyamaze."

Nyapara akapiga kelele kutoka mwisho wa mstari: "Fundi! Mafungu mangapi?"

"Matano," mjomba akajibu, akainama tena kwa shida, goti limenyooka kama gongo. Wenzake walikuwa na ishirini.