Kialama Chekundu cha Dongobesh

Juzi nilipanga foleni kwenye duka la steshenari pale Dongobesh. Mbele yangu alisimama bibi mmoja kutoka kijiji cha Tlawi, mkononi kitambulisho cha kutolewa kopi, gari la abiria alilokuja nalo likimpigia honi nje. Alisubiri asalimiwe. Huku kwetu mkubwa hatangulii kusalimia. Husubiri shikamoo yake.

Kijana mwenye duka alikuwa ametugeuzia mgongo. Alikazana na ile skrini nyeusi ambayo mafundi huiandikia kompyuta amri, akirembesha kile kialama kinachoonyesha herufi itakapotua. Kilikuwa kistari chembamba. Akakinenepesha kikawa kama tofali, akakitia wekundu, kisha akakifanya kiwake na kuzimika. Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayetazama ndama wake wa kwanza.

Bibi akasogea. "Hicho kinachowaka na kuzimika kinafanya nini?"

"Kinanisubiri niandike," akajibu bila kugeuka.

"Na mimi nakusubiri. Ila mimi siwaki."

Kijana alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akamuuliza habari za nyumbani, za mama yake, za ng'ombe, honi ikilia. Ndipo akamkabidhi kitambulisho.

Mimi sina ugomvi na urembo. Anayeshinda na skrini nyeusi ana haki ya kuitia rangi kidogo.

Jana nilipita tena. Kialama kimebaki chekundu, lakini hakiwaki na kuzimika. Nikamuuliza sababu.

"Kikiwaka," akasema, "nahisi kuna mzee amesimama nyuma yangu."