Jiko la Mama wa Duka la Vitambaa

Miaka ile ya kuhamia vijijini, wenzangu waliota magari. Mimi niliota majiko: yale ya pampu yaliyotoka Bombei, miguu mitatu na tangi la shaba la mviringo kama boga dogo. Nilikuwa karani mchana, na jioni fundi. Siku za mapumziko nilishuka treni Kigwa au Goweko na kuuliza nyumba kwa nyumba. Mafuta ya taa yalikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo wengi walikuwa wamerudia kuni, na jiko lililokuwa fahari ya harusi sasa lilizuia mlango usipigwe na upepo. Niliwapa sabuni, wakanipa jiko, na sote tukajiona wajanja.

Nilirudi kwa miguu hadi stesheni katika njia ambayo zamani wapagazi walipita na pembe mabegani. Jua likishuka, vumbi likawa rangi ya shaba, shaba ikawa rangi ya vumbi, nami sikujua tena nimebeba nini.

Nyumbani Chemchem, mjini Tabora, nilisugua kwa ukwaju na jivu, nikakata ngozi ya kiatu kikuukuu kutengeneza kizibo cha pampu. Kisha spiriti kidogo, moto wa manjano, pampu taratibu; mara mvumo unaanza, na ndimi za buluu zinasimama tuli kama maua ya majini. Niliweza kukaa hapo mpaka ugali upoe.

Mwaka mmoja alikuja mama wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Alizaliwa Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa. Mumewe alikuwa amefariki, duka limefungwa, naye alikuwa anahamia kwa binti yake ng'ambo. Aliweka mbele yangu jiko jeusi tititi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hili ni la mama yangu. Nalichukua ndani ya treni, silitupi. Lifanye liwake tu."

Liwake tu. Nilisikia vizuri.

Lakini chini ya weusi ule niliona shaba nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na ukwaju sikuuona kuwa unatosha. Nikachukua msasa. Chini ya tangi palikuwa na vidoti vingi kama vya ncha ya msumari, vimejaa masizi. Nikadhani ni makovu ya miaka ya kugongwagongwa. Nikasugua mpaka pakawa laini kama shavu la mtoto.

Alipokuja, alicheka kwanza. "Wee fundi, ulikuwa unalisugua au unaliposa?"

Kisha akaligeuza. Akapitisha kidole gumba chini, akapitisha tena.

"Jina liko wapi?"

Akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kwao, binti akiolewa, vyombo vyake vya shaba hupigwa jina lake kwa msumari. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Hakuna karatasi wala picha iliyobaki.

"Niandikie jina, mama, nilipige upya," nikasema.

"Nitaandikaje? Maandishi ya kwetu sikufundishwa. Nilikuwa nalijua kwa kidole."

Nikamwambia tuliandike kwa herufi za shule. Aliinama akafikiri, na nadhani angekubali. Lakini nilipobonyeza shaba kwa kucha nilisikia imekuwa nyembamba. Msumari ungeitoboa, na tangi lililotobolewa haliwezi kushika pumzi. Ilinibidi nimwambie hilo pia.

"Basi liwashe," akasema.

Nikaliwasha. Liliwaka vizuri, mvumo wake mtulivu kama mvua iliyo mbali. Tukachemsha chai tukanywa, yeye ameegemeza kichwa ukutani, macho amefumba. Alipomaliza akajifunga mtandio.

"Umelifanya zuri, kijana wangu. Limekuwa kama la dukani. La dukani sikulihitaji."

Akaondoka mikono mitupu. Niliita, "Mama!" lakini hakugeuka. Siku ya treni yake sikwenda stesheni. Niliogopa kumwona na mizigo yake.

Mke wangu alilipenda jiko lile kuliko mengine yote. Akaniuliza limetoka wapi.

"Nimepewa," nikasema.