Babu Nukta na Ukurasa Usiokuwapo

Kilichoandikwa ndicho kinachosomwa. Mkutubi aliyewasomea watoto hadithi kila likizo ndefu kwenye maktaba yetu ya umma aliishika kanuni hiyo kwa miaka ishirini na sita, aliishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Hakuongeza neno, hakuruka neno, wala hakubadili sauti kuwachekesha watoto pale ambapo mwandishi hakukusudia kicheko. Kila sentensi ilipokwisha alinyamaza kidogo, na watoto waliokaa mkekani wakaitikia kwa pamoja, "Nukta!" Ndipo wakamwita Babu Nukta, na jina likamganda hata ofisini.

Likizo moja msaidizi wake, binti aliyetoka chuoni mwaka uleule, aliinogesha hadithi ya kuku kwa kumtia kuku maneno ya kwake. Watoto walicheka hadi wakagaragara. Babu Nukta alimkatiza mbele yao. Alimuuliza, mtoto akienda na kitabu nyumbani asikute alichosomewa, atamwona nani mwongo, kitabu au sisi? Msaidizi hakusoma tena. Aliomba kuhamia kaunta ya kuazimisha, lakini kinyongo hakuweka. Tangu siku hiyo alimwamini mzee kuliko alivyoiamini saa ya ukutani, ambayo kwa kweli ilikuwa ikichelewa.

Mwaka jana macho ya Babu Nukta yalianza kumwacha. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa unakula katikati ya jicho na kuacha pembeni, na kwamba kilicholiwa hakirudi. Basi kila alichokitazama ndicho kilichopotea. Akimwelekea mtoto usoni, uso ulifutika, huku akiona vizuri viatu vilivyopangwa mlangoni na rafu ya kamusi kando ya dirisha. Hakumwambia mtu kazini. Alikuwa amebakiza mwaka na nusu astaafu, na saa nne ya asubuhi, kwenye kiti kile mbele ya mkeka, ndiyo saa pekee ya siku aliyojiona bado ni mtu wa maana.

Vitabu vya zamani alikuwa navyo kichwani. Alifunua kurasa kwa kuhesabu tu. Lakini likizo hii lilifika boksi la vitabu vipya, na kwenye tangazo la mlangoni, kati ya darasa la kuchora na mashindano ya vitendawili, ikaandikwa kwamba kila siku kitasomwa kitabu kipya. Mkewe akawa macho yake. Kila jioni alimsomea kitabu cha kesho mara tatu, naye akarudia hadi akakishika.

"Uzee wote huu nimerudi chekechea," mkewe alimtania. "Cheti changu nitapewa lini?"

Wiki mbili zilipita bila kosa. Wiki ya tatu mama mkwe akateleza bafuni akavunjika nyonga, na mkewe akasafiri kwenda kumuuguza.

Njia ilikuwepo. Angeweza kumwomba msaidizi wa kaunta amsomee. Mara mbili alimwendea na kitabu mkononi, na mara mbili aliishia kumuuliza kama maji ya chai yamechemka. Kumwomba kulikuwa ni kumwambia, na kumwambia kulikuwa ni kuondoka kwenye kiti.

Jumanne akaketi na kitabu asichokijua. Kilikuwa chembamba, hakina hata namba za kurasa, picha kubwa na maneno machache. Jina la kitabu walilisoma watoto wenyewe kwa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yao, na kwa hilo akajua kinamhusu mtoto anayemsubiri baba aliyekwenda kutafuta kazi. Kwa pembe ya jicho aliokota mama, nyumba, barabara. Mengine akayatunga. Kwenye picha ya mwisho aliona mwanamume amesimama mlangoni na mfuko begani.

"Baba akarudi," alisema. "Akautua mfuko, akauliza, mbona umerefuka hivi?"

"Nukta!" watoto wakaitikia.

Wapo watakaosema hapo hapana ubaya, hadithi ni hadithi. Lakini aliwaambia watoto thelathini kwamba anasoma, na hakuwa akisoma.

Mbele kabisa alikaa msichana wa miaka tisa ambaye wenzake walimwita Kidole, kwa sababu alisoma akifuata kila neno kwa kidole. Kusoma alijifunzia hapohapo mkekani, likizo mbili nyuma. Baba yake naye alikuwa amekwenda kutafuta kazi. Mwaka wa pili ulikuwa unaingia, na simu yake ilikuwa haipatikani. Siku hiyo Kidole alikiazima kitabu kile.

Alikirudisha Alhamisi, saa nne ikikaribia. Babu Nukta alikuwa hatua tano kutoka kaunta, akinyoosha mkeka, na alisikia yote.

"Dada, ukurasa mmoja haupo," alisema Kidole.

Msaidizi alimuuliza ni upi.

"Ule baba anarudi. Humu anakuja jirani tu, kaleta mfuko wa baba. Halafu basi."

Msaidizi alikipekua kitabu, akakipinda mgongo, akakagua pini. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumwonea mtoto. Alimuuliza kama ana hakika kwamba Babu Nukta aliusoma ukurasa huo. Watoto waliokuwa wakivua viatu mlangoni wakajibu kabla yake: ndiyo, baba alirudi, akauliza mbona umerefuka. Basi kwa msaidizi jambo likawa wazi. Babu Nukta haongezi hata mkato. Kama aliusoma, uliandikwa. Kama uliandikwa na sasa haupo, umechanwa, na kitabu hakijapita mikononi mwa mwingine.

"Sikugombezi, mwanangu," alisema taratibu. "Umeuchana wewe, au mdogo wako?"

"Sijauchana."

"Babu Nukta hasomi kisichoandikwa. Wewe mwenyewe unamjua."

Babu Nukta aligeuka. Alimtazama mtoto, na mtoto akafutika. Palihitajika maneno mawili tu, nilitunga mimi, na kila aliyekuwa pale angeelewa. Alifungua mdomo.

"Watoto, kaeni," alisema. "Saa imefika."

Maktaba nayo ina kanuni zake. Mtoto aliyeharibu kitabu haazimi tena wala hashiriki mafunzo ya likizo mpaka likizo iishe, na mzazi wake huandikiwa barua. Kidole aliondoka na barua yake. Babu Nukta akasoma kitabu cha zamani, kimoja cha vile alivyovihifadhi, na hakukosea hata neno.

Jioni alimpigia mkewe simu, akamweleza.

"Baba watoto," mkewe alisema, "macho yamekufa, sawa. Na ulimi nao?"

Ijumaa asubuhi alimweleza mkuu wa maktaba, msaidizi akiwepo. Alisema yote, ya macho na ya kitabu. Msaidizi alitoka nje kidogo, akarudi amenawa uso, akachukua mkoba wake na kile kitabu. Wakaenda nyumbani kwa Kidole wawili hao, binti akimshika mzee mkono kila walipovuka barabara.

Mama wa Kidole ni fundi wa kushona. Cherehani yake ipo barazani. Hakuwapa nafasi hata ya kukaa.

"Mzee wangu, nisameheni sana. Nimembana jana mpaka amekiri. Kauchana, kautupa mtaroni. Tumeutafuta tukaukosa."

Babu Nukta alimsimulia. Kadiri alivyosimulia, mguu wa mama ulizidi kupunguza kasi kwenye cherehani, mpaka ukasimama. Akamwita mtoto.

"Mjukuu wangu," Babu Nukta alisema, "ukurasa ule haukuwepo. Mimi sioni, nikatunga. Wewe hujachana kitu."

"Nimechana mimi," Kidole alisema.

Msaidizi alichutama mbele yake. Akamwambia barua imefutwa, hakuna aliyekasirika, Jumatatu aje kwenye mashindano ya vitendawili kama kawaida.

"Nimechana. Baba alirudi kwenye ukurasa ule, mimi nikauchana. Nikautupa mtaroni."

Mama yake aliinamia kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, wala hakushona. Wote watatu walikuwa wameelewa. Kama mtoto aliuchana ukurasa, basi uliandikwa. Na kama uliandikwa, baba alirudi. Wangemtoa mtoto kwenye kosa, wangemtoa na baba mlangoni. Msaidizi alikifungua kitabu ili wakisome pamoja, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kidole akaficha mikono mgongoni.

Babu Nukta alijaribu mara mbili zaidi wiki zilizofuata. Mara ya kwanza mtoto alimjibu vilevile. Mara ya pili alijificha chumbani, na mama yake akasema kwa upole, mzee, pengine tumwache.

Kiti cha saa nne sasa anakalia msaidizi, na Babu Nukta amestaafishwa mapema. Kidole hajarudi maktaba. Kanuni ile mzee aliivunja asubuhi moja, kwa ukurasa mmoja. Yeye ilimgharimu kiti. Mtoto ilimgharimu zaidi: mpaka leo anakubali kosa ambalo hakulifanya, na hakuna mtu mzima aliyeweza kumwondolea.